Kilo Nne Kabla ya Tarehe Ishirini na Nne

Jumanne, 3 Juni 2025

Kliniki leo. Kilo arobaini na nne. Nikamwomba Nesi Judica apime tena. Akapima. Arobaini na nne. Nikamweleza kwamba mizani yake ina walakini, na kwamba anaongea na Baltazar, mpimaji wa ghala la mazao kwa miaka ishirini na miwili. Mizani naijua kuliko ninavyojua sala. Akasema nimesikia babu, shuka wenzako wapime.

Kifua kikuu kilikwisha mwezi wa tatu. Dawa nilimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja. Wadudu wameondoka, lakini wameondoka na nyama yangu. Nesi anasema ugonjwa ulikula mafuta kwanza, ulipoyamaliza ukaingia kwenye misuli. Anataka nile kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mayai, maharage, maziwa. Kisha nitembee hadi kanisani na kurudi, ili kinachorudi kiwe nyama, kisiwe kitambi tu. Nikiongeza kilo moja mwezi huu, amesema atapiga vigelegele.

Hilda hatapiga. Hilda ni binti yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu Arusha. Amepiga simu jioni. Tarehe 24, kliniki ijayo, nisipofika kilo 48 anakuja na gari kunichukua nikaishi kwake. Moja kwa moja! Chumba kimeshapakwa rangi. Nikauliza kwa nini 48. Akasema ndizo nilizokuwa nazo Krismasi, na mtu anayerudi nyuma haachwi kijijini.

Arusha siendi. Mke wangu Fausta amelala hapa, nyuma ya nyumba, miaka sita sasa. Nani atampalilia? Nimeshawahi kulala kwa Hilda siku nne. Sakafu inateleza, na jirani hasalimii.

Halafu Gidamis! Yeye na mimi tulianza dawa siku moja. Leo amepima 46. Alishuka kwenye mizani akicheka kama aliyeshinda uchaguzi.


Jumatano, 4 Juni

Severine, mke wa mwanangu Modest, amejifungua mtoto wa kiume wiki mbili zilizopita. Wako nyumba ya pili humu humu bomani. Kwa hiyo kila kitu kizuri kinaingia mlango ule. Samli. Uji wenye siagi. Supu. Maziwa ya ng'ombe wote wawili. Ndiyo desturi yetu, mzazi anakaa ndani na kulishwa mpaka mashavu yang'ae, na mwanamume hasogelei mlango. Baba mkwe ndiyo kabisa.

Fausta alipomzaa Hilda alikaa ndani miezi mitatu. Siku aliyotoka alipita mlangoni kwa ubavu. Alikuwa mzuri! Sikwenda kazini siku ile. Nilikaa kwenye kigoda nikimwangalia akianika nguo.

Nimempelekea dada yangu Kornelia hoja yangu. Yeye ndiye mwenye funguo za samli. Nimemwambia: mzazi ni mtu aliyetoka kwenye taabu na mwili wake umekwisha. Mimi nimetoka kwenye taabu na mwili wangu umekwisha. Kwa hiyo na mimi nihesabiwe mzazi. Kornelia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema siku nikinyonyesha nimwite.

Nimeletewa ugali na maharage. Nikakaa nao peke yangu, tukaangaliana. Tonge la tatu nikalirudisha sahanini. Zamani Fausta alikuwa anaficha sufuria ili wageni wapate.


Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimelala ubavu.

Mpango ulikuwa mzuri. Kornelia akienda kisimani anaiacha samli kwenye kibuyu, kimening'inia ndani ya dirisha la Severine. Nisingeingia mlangoni, desturi ingebaki salama. Ni mkono tu. Mkono si baba mkwe.

Mkono ulifika. Kibuyu kikatoka. Nikanywa nusu nzima nimesimama, macho nimefumba, na ladha ile ikanirudisha mwaka 1989, Hilda alipozaliwa. Nikaurudisha mkono ndani kukitundika. Severine akaamka akaona mkono wa mifupa unapapasa juu ya mtoto. Alipiga yowe lililofika bondeni. Modest akaja na fimbo. Bahati yangu anatambua suruali yangu.

Nilijitetea kwamba nilikuja kumbariki mjukuu. Samli ilikuwa kwenye masharubu.

Nimeomba radhi jioni, nimesimama nje ya nyumba, majani mabichi ya amani mkononi, Kornelia akisimamia kama hakimu. Severine kutoka ndani akasema amenisamehe, baba. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nadhani alikuwa anacheka.

Kuhusu tumbo, tangu saa sita nimekwenda chooni mara tisa. Samli yote imeondoka, na vingine vilivyokuwapo kabla yake.


Jumamosi, 7 Juni

Nisingeweza kungoja kliniki kujua hasara. Nikaenda kwa Nikolausi, mnunuzi wa maharage. Ana mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano. Nikaingia kwenye gunia, vijana wake wawili wakanitundika. Nikazunguka polepole hewani. Niliiona Tumati yote, kanisa, shule, mashamba ya shayiri, kisha kanisa tena.

Arobaini na mbili na nusu, pamoja na gunia! Nikolausi akasema mzigo huu ni mkavu mno, wadudu wamepita. Watu wakacheka. Huyu Nikolausi nilimfundisha kazi mimi. Nilimfundisha kupiga bambo kwenye gunia, kile kichuma cha kuchotea punje za katikati, maana wauzaji walikuwa wanaweka maharage mazuri juu na mawe chini. Mimi sikudanganywa hata mara moja. Nilikuwa nanusa jiwe kwa nje.

Ghala lile! Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu, foleni ya punda mpaka barabarani, harufu ya magunia mapya. Kila Jumamosi tukifunga nilikuwa napanda mwenyewe kwenye mizani ya chini. Mwaka 1996 nilifika tisini na moja. Niliandika kwa chaki mlangoni, na hakuna aliyethubutu kufuta.


Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Koti la harusi, kwa sababu ya baridi. Mhunzi ameutoboa mkanda wangu tundu la tano. Zamani nikikaa kwenye benchi, walio upande wa pili walikuwa wanainuka kidogo. Leo nimekaa, benchi halikujua.

Watu ni wapole mno. Mzee Yohanes amesema nimependeza. Ukiambiwa umependeza na Mzee Yohanes, ujue ameshafikiria nani atachimba.

Tukitoka upepo ulikuwa mkali. Upepo huu wa mwezi wa sita unajua kutafuta mifupa. Fausta alikuwa anatembea nyuma yangu njia yote ya kurudi nyumbani, ameshika koti langu, anasema mume wangu wewe ni ukuta. Mimi nilikuwa najifanya nimeudhika. Leo nimetembea njia ile ile nikamkumbuka mpaka nikasimama. Ndiyo, nililia. Si kwa ajili ya kilo. Hata angekuwa nyuma yangu, leo upepo ungempiga.

Siku kumi na sita zimebaki.


Alhamisi, 12 Juni

Msiba umeingia nyumbani! Gidamis amekuja na mzigo.

Maelezo yake ni haya. Kadi yake ya kliniki iko hapa, kwa sababu aliugua alipokuja kumsalimia binti yake aliyeolewa hapa Tumati. Kutoka kwao Hirbadaw ni mbali. Watoto wake wamemwambia akae karibu na zahanati mpaka apone kabisa. Lakini kwa binti yake hawezi kulala, kwao mzee halali kwa mkwe. Kwa hiyo amefikiria rafiki zake wote wa huku. Yuko mmoja.

Nikamwambia nyumba ni ndogo. Kornelia akamwambia karibu sana. Amepewa kitanda cha Hilda. Amekuja na shuka, fimbo, na kibuyu kikubwa cha maziwa ya mgando. Adui wangu, chini ya bati langu, na kwa mizani ya kliniki ana kilo mbili zaidi.

Jioni Kornelia akatuwekea ugali sahani moja, akasema yeye si mpishi wa hoteli. Gidamis anakula haraka. Nikaona tonge zake zinavuka mpaka wa kati. Nikaongeza mwendo. Akaongeza. Tuliposimama sahani ilikuwa imepigwa deki. Uchoyo wa mtu huyu!


Jumapili, 15 Juni

Bado yupo. Asubuhi uji, nikichelewa anakunywa wangu. Mayai manne yakiletwa, ukizubaa unabaki na moja. Siwezi kumwachia. Chakula ni changu, kwangu, kimepikwa na dada yangu. Leo nimekula mara tano kwa hasira tu.

Anaamka mapema na kutaka kutembea, na kwa kuwa sitaki asemwe kanisani kwamba ana nguvu kuliko mimi, natembea naye. Njiani anapumzika kila baada ya jiwe kubwa. Mimi vile vile, lakini mimi napumzika kwa heshima yake.

Usingizini anakoroma mpaka vikombe vinagongana. Tangu Fausta nyumba hii haijakorom— haikuwa na kelele. Nimelala vizuri, sijui kwa nini.


Alhamisi, 19 Juni

Siku tano. Maneno ya kula kidogo kidogo ni ya watoto. Mzigo haukui kwa kungoja, unakua kwa akili. Nimekaa nikajiuliza: Baltazar, ungekuwa wewe ni gunia, ungefanyaje?

Mawe mfukoni, hapana. Judica anawavua watu makoti. Maji, ndiyo, lita moja, lakini yanataka kutoka kabla ya foleni kwisha. Nikazunguka stoo na taa ya simu. Nikauona! Mnyororo wa kuvutia jembe la ng'ombe. Nikaupeleka kwa Nikolausi nikasema ni wa kuuza. Kilo tano kamili. Kiunoni mara mbili, ndani ya shati, juu ya fulana. Baridi kidogo lakini unakaa.

Jioni Gidamis alikuwa na hadithi. Tukakumbuka minada ya Gehandu, vumbi, nyama ya kuchoma juu ya majani, siku fahali wake alipoingia kwenye hema la muuza chai akatoka amevaa kitambaa cha meza. Tulicheka mpaka tukakohoa, na Kornelia akaleta sahani ya pili bila kuulizwa. Halafu Gidamis, kwa upole kabisa, akasema anajua kwamba miaka ile akinunua mahindi ghalani nilikuwa naweka kidole gumba cha mguu kwenye mizani.

Miaka thelathini! Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema yeye ndiye aliyeniuzia yule maksai aliyekuwa haoni jicho la kushoto. Kumbe! Nilidhani alipofukia kwangu. Fausta aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba yule ng'ombe anagonga miti.

Tumesameheana. Lakini tonge la mwisho nilikula mimi.


Jumanne, 24 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulifika saa mbili. Kornelia alikuja nasi, eti kunishika mkono. Mimi nilikuwa natembea wima kama mwanajeshi, kwa sababu ya mnyororo. Gidamis alipima kwanza. Arobaini na nane na nusu. Nesi akampongeza, akasema akifika hamsini anafunga kadi yake, arudi kwa ng'ombe wake. Gidamis akacheka meno yote.

Zamu yangu. Koti nikavua mwenyewe, mtu mwaminifu. Nikapanda. Hamsini na mbili na nusu! Nikamwangalia Gidamis. Raha ile nilikuwa sijaipata tangu chaki ya mlangoni.

Lakini Judica hakupiga vigelegele. Aliangalia kadi, akaangalia mizani, uso ukabadilika. Akatoa utepe akanipima mkono wa juu. Utepe! Sikuwa nimefikiria utepe. Ghalani hatukuwa na utepe. Akasema mkono umeongezeka kidogo sana, na kilo nane na nusu kwa wiki tatu haziwezi kuwa mwili. Ni maji. Moyo umechoka, au figo. Nikasema ni maharage. Akachukua simu akampigia Hilda, akaweka sauti wote tusikie. Akamwambia mzee amejaa maji, aende hospitali kubwa leo hii, njoo na gari.

Nilimsikia Hilda akishusha pumzi. Binti yangu, mwalimu wa hesabu, asiyeogopa mkuu wa shule wala mkaguzi, alisema jamani baba, kisha akashindwa. Nilitaka kusema. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Nesi alikuwa ameinama anipime miguu kama imevimba, akanivuta suruali, na ndoano ya kiunoni ikaachia. Mnyororo ukatokea mguuni, pete moja moja, taratibu, kwenye sakafu ya saruji. Ulichukua muda. Foleni yote ilisimama kuangalia.

Kornelia akafunika uso kwa kitenge. Hilda kwenye simu akauliza ni nini hicho kinachogonga. Gidamis akamjibu: ni baba yako, amejifungua.

Nikapimwa upya, baada ya kwenda chooni kwa amri. Kilo arobaini na sita na nusu. Moja na nusu pungufu. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kufikiria nani nimwachie jembe la kaburini.

Lakini Judica sasa ndiyo akapiga vigelegele! Akamwambia Hilda, mbili na nusu za kweli, dada, kwa wiki tatu, na mkono unafuata, huyu anarudi. Hilda akataka kujua nimepewa dawa gani. Kornelia akasema hakuna dawa, tangu Mzee Gidamis aje, sahani zinarudi tupu. Kisha Hilda akasema, na sauti ilikuwa na machozi au kicheko, sikuweza kupima: basi, Mzee Gidamis akiwa hapo nyumbani, baba abaki. Siku mgeni akiondoka, yeye Hilda anakuja kunichukua. Na kliniki ijayo namba ikirudi nyuma hata kidogo, anakuja siku hiyo hiyo, hasikilizi mtu.

Nimebaki! Nimetoka nje nikapumua ule upepo wote. Nilipofika nyumbani nilikwenda kwanza nyuma ya nyumba nikamwambia Fausta. Mambo ya mnyororo sikumwambia. Atakuwa ameusikia.


Alhamisi, 26 Juni

Hatari mpya. Jana Gidamis alikuwa anasimulia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina. Leo ameuliza basi la Hanang, la kwenda kwao, linapita saa ngapi. Anataka kufika hamsini ili kadi ifungwe. Kilo moja na nusu tu! Kwa namna anavyokula, ni wiki mbili. Yeye akiondoka, Hilda huyo na gari.

Si kwamba nitamkosa. Ni kwa sababu ya Arusha.

Nimemwomba Kornelia ampunguzie maziwa. Amekataa, akasema mgeni hapimiwi. Kwa hiyo imebidi nifikirie mwenyewe, kama kawaida ya nyumba hii. Katika matembezi ya asubuhi nikamwambia Gidamis apumzike kwenye jiwe, nikapita zahanati. Judica alikuwa chumba cha pili na akina mama wa chanjo. Nikainama kuikagua ile mizani kitaalamu. Pembeni, chini ya sahani, kuna gurudumu dogo la kurekebishia. Nikalirudisha nyuma. Sasa inasoma kilo mbili kamili pungufu, nimelinganisha na mfuko wa unga uliokuwa pale. Mikono haijasahau kazi!

Sasa Gidamis hata akila fahali mzima hafiki hamsini kliniki ya tarehe 22 Julai. Atabaki, tutakula, na hakuna mtu aliyedhurika. Sioni kwa nini nilihangaika na samli na minyororo. Kazi ya mizani ifanyiwe kwenye mizani.

Nami siku hiyo nitamwonesha Hilda. Nimeshamwambia Nesi nataka kupima wa kwanza. Bila koti, bila maji, bila kitu kiunoni. Ukweli mtupu, kwenye mizani ile ile, mbele ya watu wote.